Verla na Menyu ya Alhamisi

Ukitaka kumjua Verla Kucera, usimuulize habari zake, maana hatakuambia. Njoo Ijumaa asubuhi ofisini kwake, Shule ya Msingi ya Prosek, hapa Nebraska, umkute amesimama mbele ya mashine ya kuchapia nakala, mikono kiunoni, anaikemea. Mashine yenyewe imemzidi umri mwalimu wetu wa darasa la tatu, na hutafuna karatasi inapojisikia. Verla huipiga kofi moja ubavuni, nayo hutii. Mimi ni Arlys, mpishi wa shule. Miaka kumi na tisa jiko langu na ofisi yake vimetenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, kwa hiyo haya ninayosimulia sikuhadithiwa.

Verla ni karani wa shule. Hapa petu maana yake ni kwamba anapokea simu, anafunga magoti yaliyochubuka, anajua mtoto gani hali karanga na mzazi gani hasemeshani na nani. Na kila Ijumaa anatoa karatasi ya njano inayokwenda nyumbani ndani ya mabegi ya watoto. Mbele ni habari na shughuli zijazo: siku ya kupigwa picha, siku ya mababu na mabibi, mashindano ya kusoma, nani kapoteza glavu moja ya bluu. Nyuma ni menyu ya chakula cha mchana cha wiki inayofuata. Ameitoa kwa miaka ishirini na saba bila kuruka wiki, hata ile aliyomzika mumewe. Siku hiyo alikuja saa moja asubuhi na nguo zake nyeusi, akachapa, akagawa darasa kwa darasa, ndipo akaenda kanisani. Nilimwambia, "Verla, watu wangeelewa."

"Wangeelewa, ndiyo," akanijibu. "Halafu Jumatatu wangeleta watoto bila viatu vya theluji."

Sasa niseme jambo ambalo Verla hapendi kulisikia. Ukurasa wa mbele watu wanaupitishia macho tu. Kinachosomwa ni menyu. Akina mama huikata kwa mkasi na kuibandika kwenye friji kwa sumaku, na hata wazee ambao watoto wao walishahama siku nyingi hupita dukani kwa Hruska kuchukua nakala. Wanatafuta siku ya chili. Chili yetu ni maharage mekundu na nyama ya kusaga yaliyopikwa yakawa mazito, yenye pilipili, na hailiwi bila mkate wa mdalasini, ule mtamu uliozungushwa na kumwagiwa sukari nyeupe juu. Unauchovya humo humo kwenye bakuli. Wageni hukunja pua, na mimi huwaacha wakunje. Nimewahi kuona mwanamume mzima akiahirisha kung'olewa jino kwa sababu ilikuwa siku ya chili.

Bwana Pruitt, msimamizi wa shule zote za wilaya, ni mmoja wa wakunja pua. Alikuja miaka miwili iliyopita kutoka jiji kubwa, na ofisi yake iko Holbeck, maili ishirini na sita kutoka hapa. Hakumaliza mwezi kabla ya kutoa kitabu cha kanuni. Kimojawapo alichoagiza ni kwamba ukurasa wa mbele wa karatasi yetu apelekewe kila Jumatano aupitie. Verla alitii. Kila Alhamisi rasimu ilirudi imechorwachorwa kwa kalamu nyekundu.

"Amenifutia 'tafadhali' mara ya nne," aliniambia siku moja. "Anasema linarefusha."

Basi, Februari hiyo, Alhamisi moja nikiwa nakanda unga, Verla akaingia jikoni bila kubisha. Verla hubisha hodi hata kwenye mlango ulio wazi. Akaitua rasimu katikati ya unga wangu.

"Soma, Arlys."

Nikafuta mikono, nikasoma. Mstari mmoja ulikuwa umekatwa kwa wino mwekundu, ule wa kutangaza kwamba uandikishaji wa watoto wa chekechea kwa mwaka ujao ungeanza karibuni. Na chini kabisa, baada ya ile glavu iliyopotea, Pruitt alikuwa ameongeza wake: Kikao cha wazi cha bodi ya shule, Alhamisi tarehe 15, saa kumi na mbili jioni, ukumbi wa Prosek. Ajenda: majengo.

"Majengo gani?" nikauliza.

"Hili hapa." Akagonga ukuta kwa kidole. "Wanataka kutufunga. Nimempigia karani mwenzangu wa Holbeck, nikambana mpaka akasema. Watoto wetu wote watapelekwa kule kuanzia Agosti. Basi limeshapangiwa njia."

Nilikaa juu ya gunia la viazi. Nilimfikiria mtoto wa miaka mitano anasimama barabarani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, giza, theluji imemfika magotini, saa nzima ya basi kwenda na saa nzima ya kurudi. Sheria inasema bodi lazima iwape wazazi nafasi ya kusema kabla ya kupiga kura. Wazazi wasipotokea, kura inapigwa papo hapo na habari imekwisha. Na jioni ya tarehe 15, kama kila mtu hapa ajuavyo, timu yetu ya wasichana ya mpira wa kikapu ilikuwa na mechi kubwa Holbeck. Siku ya mechi kama hiyo Prosek hubaki na paka na mbwa. Pruitt alijua vizuri sana. Nilipandwa na hasira nikatamani nimkute karibu na mwiko wangu.

Verla hakutukana. Alitoa kikaratasi mfukoni, akakikunjua. Yalikuwamo majina matano, ya watoto waliokuwa waanze chekechea mwaka ujao, ameyaandika kwa mkono. La mwisho lilikuwa Tessa, mjukuu wake, ambaye tangu Krismasi alikuwa akilala na begi lake jipya la shule.

"Hawa watano wataingia kwa mlango huu Agosti," akasema. Sauti ilikuwa ile ile anayoikemea nayo mashine.

"Utafanyaje? Ukiongeza neno moja mbele atakufukuza."

"Mbele siongezi hata nukta. Arlys, menyu huidhinishwa na nani?"

"Menyu? Na mimi."

"Ndivyo. Kitabu chake kinasema ukurasa wa mbele. Nimekisoma mara tatu." Akanitazama, na mwanamke huyo akinitazama vile najua nimeshapewa kazi.

Ijumaa karatasi ya njano ikaenda nyumbani. Mbele ilikuwa vile vile Pruitt alivyotaka, mpaka koma. Nyuma, Jumatatu ilikuwa tambi, Jumanne samaki, Jumatano supu, halafu: Alhamisi mchana, kuku na viazi. Alhamisi saa kumi na moja na nusu jioni, ukumbini, chili na mikate ya mdalasini kwa kila mtu, bure. Saa kumi na mbili, tukiwa tunakula, bodi itaamua kama shule hii ifungwe. Njoo na bakuli lako.

"Bure?" nikamuuliza. "Chakula cha shule siwezi kugusa, watanifunga."

"Nani kasema cha shule?" Akainua simu, akampigia mzee Leland Zoubek, mfuga ng'ombe wa upande wa mtoni. Nilisikia kila neno, maana mzee huyo akiongea kwenye simu huwa kama anaita ng'ombe.

"Leland, una nyama ya kusaga kiasi gani kwenye friza?"

"Inategemea ni ya nini."

"Umesoma menyu?"

Nikasikia mlango wa friji ukigongwa. Alikuwa ameenda kuisoma.

"Verla," akasema aliporudi, "mimi hapo nilirudia darasa la pili mara mbili. Wakipafunga nitakuwa nimeteseka bure. Naleta masanduku mawili."

Unga tulichanga, maharage yakaletwa na watu ambao sikuwaomba, na Alhamisi watoto walipoondoka tuliwasha majiko yote. Verla alizungusha mikate mia mbili na ishirini. Ana mkono mbaya wa unga, nusu ilitoka imepinda, na nilimwambia hivyo. Akasema bodi haipigi kura juu ya umbo la mkate.

Saa kumi na mbili kasoro robo Pruitt alisukuma mlango wa ukumbi, faili kwapani, akasimama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Foleni ilianzia dirisha la jiko langu, ikazunguka ukumbi mara mbili. Vijana walikuwa wamevaa fulana za timu, wako tayari kwenda kwenye mechi wakishakula.

"Hii ni nini?" akaniuliza.

"Chili. Nikupakulie?"

Hakutaka. Duane Sixta, mwenyekiti wa bodi, mtu wa Holbeck, alikuwa wa tatu kwenye foleni, na bakuli alilileta mwenyewe. Nikajua hata kwake menyu ilifika.

Wajumbe sita wa bodi wakaketi mbele na mabakuli yao. Pruitt akasoma hesabu za gharama za kupasha joto jengo na idadi ya wanafunzi. Watu walikula wakisikiliza. Nilitazama saa. Wakati wa kuondoka kwenda kwenye mechi ulifika, ukapita, na waliotoka ni wanne. Kisha Pruitt akafunga faili. "Kabla ya kura, nataka kujua nani alitangaza chakula bila idhini yangu."

Verla akasimama. Aproni yake ilikuwa nyeupe kwa sukari mpaka kifuani. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema mbele ya watu zaidi ya kumi, na nilimwogopea.

"Ni mimi, Bwana Pruitt. Menyu haimo kwenye kanuni zako. Lakini na mimi nina swali." Akainua ile rasimu, bado ina alama ya unga wangu. "Wiki iliyopita niliandika kwamba uandikishaji wa chekechea unakaribia. Ukaukata mstari huo. Kama bodi ndiyo inayoamua leo, wewe uliamua na nani wiki iliyopita?"

Pruitt akasema ilikuwa kuepusha mkanganyiko. Verla alitembea mpaka meza ya wajumbe akaiweka rasimu mbele ya Marjean Oltmans, ambaye kila mtu alijua angepiga kura ya kufunga, maana alishasema hivyo dukani, kanisani na kwa kinyozi. Marjean akavaa miwani. Akautazama ule wino mwekundu, akaitazama tarehe ya rasimu, akaweka kijiko chini.

"Bwana Pruitt, mimi nimeletwa hapa kufikiri," akasema, "au kuja kugonga muhuri?"

Verla alikuwa amekwishatoa kikaratasi chake. Akasoma majina matano, polepole, kama anavyoita watoto kupanda basi. La Tessa alilisoma mara mbili, mara ya pili kwa nguvu. Akakaa. Mimi nilikuwa nalia wazi wazi dirishani na sikujali nani ananiona.

Duane akaitisha kura. Wa kufunga, mikono mitatu. Wa kutofunga, mikono mitatu, na mmoja ulikuwa wa Marjean.

"Sare," Duane akasema. "Hoja imeanguka. Shule inabaki."

Ndipo mzee Leland, ambaye muda wote alikuwa na redio ndogo sikioni, akatangaza kwa sauti ya kuita ng'ombe kwamba wasichana wanaongoza kwa pointi sita. Kelele zilizofuata nadhani zilifika Holbeck.

Jumatatu Verla alipokea barua ya onyo. Kuanzia siku hiyo menyu nayo ilitakiwa kupelekwa kwa Pruitt. Aliibandika barua kwenye friji ya nyumbani kwake kwa sumaku, mahali pa menyu, na Jumatano akatuma kurasa zote mbili. Mstari wa kwanza kabisa juu uliandikwa: Tafadhali leteni watoto wenu waandikishwe chekechea kuanzia Jumatatu.

Alhamisi rasimu ikarudi. Verla alikuja nayo jikoni, safari hii alibisha, akanionyesha. Wino mwekundu ulikuwa umegusa tarehe ya picha, umegusa tambi zangu za Jumanne. Mstari wa chekechea ulikuwa mzima, na "tafadhali" lilikuwapo.

Kesho yake asubuhi nilisikia kupitia ukutani kofi moja ubavuni mwa mashine, kisha karatasi za njano zikaanza kutoka.