Upande wa Jikoni

Kaka yangu Musyimi amechimba matuta kwenye vilima vya Mbooni tangu ujana wake. Mwaka jana kiharusi kilimwangusha huko huko shambani. Alirudi kutoka hospitali akitembea na mkongojo, lakini akizungumza vizuri, na kanisa zima likashukuru. Aliyeshukuru kuliko wote ni mkewe, Kanyiva. Hawakujaliwa watoto, ni wao wawili tu.

Basi Musyimi akawa hamtazami mkewe. Wageni waliingia kwa mlango wa mbele, ulio kulia kwa kiti chake, akawasalimu na kuwauliza habari za mbuzi. Kanyiva alipotokea jikoni, upande wa kushoto, hakugeuza hata kichwa. Kanyiva akimwita, Musyimi alitazama mlango wa mbele. Kanisani kwetu wanaume hukaa kulia na wanawake kushoto. Baada ya ibada aliwapa wanaume mkono, akampita mkewe kama nguzo. Ndevu alinyoa nusu. Wengine walisema amerogwa, wengine kwamba sasa anatafuta mke wa kumzalia.

Mimi sina subira na mwanamume anayenuna nyumbani kwake, na nilimwambia hivyo waziwazi. Alinitazama kwa huzuni, akanishukuru kwa chakula ninachompikia kila siku. Nilikuwa sijampikia hata chai. Nikaona ananikejeli, nikaondoka nikibamiza mlango.

Kanyiva alivumilia wiki nyingi. Halafu akaniita, nguo zake zikiwa tayari kwenye kiondo.

"Mama Kasyoka, mimi narudi kwetu Nuu," alisema. "Angenifukuza na mdomo, ningekaa tupigane. Lakini huyu ananifukuza na kunyamaza."

Nilisimama penye mlango wa mbele. Kanyiva alimpakulia mumewe muthokoi wa mwisho, mahindi ya kukoboa na maharagwe. Musyimi alikula, akakwangua sahani, akaweka kijiko chini.

"Leo chakula ni kidogo," alisema.

Nusu ya kushoto ya sahani ilikuwa imejaa, haijaguswa. Kanyiva alishikwa na hasira, akainyakua sahani na kuizungusha mbele ya macho yake.

"Na hii ni nini?"

"Asante sana, umeniongezea," Musyimi akajibu, akinitazama mimi, kisha akaanza kula upya. Tulitazamana na Kanyiva. Niliogopa kweli.

Kesho yake tulimpeleka hospitali, mjini Wote. Daktari alimpa karatasi na kalamu, akamwambia achore nyumba yake. Alichora mlango wa mbele, dirisha la sebuleni, tangi la maji. Palipostahili kuwa na jiko hapakuwa na hata mstari mmoja.

"Umemaliza, mzee?"

"Nimemaliza. Nyumba ni hiyo."

Kanyiva alilia pale pale. Daktari alitueleza taratibu. "Macho yake ni mazima. Ubongo ndio uliumia, upande wa kulia, na huo ndio unashughulikia kushoto. Vitu vya kushoto vinafika kwa macho, lakini yeye mwenyewe havimfikii. Na hahisi kuna kitu kinakosekana. Kwake, dunia inaishia hapo katikati." Alisema wengine hupata nafuu polepole, wakizoezwa kugeuza kichwa.

Mimi nilikuwa nikidhani mtu akiwa na macho na akili, basi yupo mzima. Kumbe kipande kidogo cha ubongo kinaweza kukuondolea mke aliye karibu nawe, na usijue.

Jioni, Kanyiva alichukua kigoda chake jikoni, akazunguka nje na kuingia kwa mlango wa mbele. Akakaa kulia kwa mumewe. Musyimi alimtazama.

"Kanyiva," alisema. "Sikutaka kuuliza watu. Niliona umenichoka na huu ugonjwa, ukarudi kwenu. Umefika saa ngapi?"

Kanyiva alimshika mkono. Kiondo chake kilikuwa bado sakafuni, upande ule mwingine.

"Nimefika sasa hivi," akamwambia.