Ng'ombe wa Shimo la Kumi na Tatu

Uwanja wa gofu nilioutangaza kuwa bora kuliko vyote ulikuwa na ng'ombe amelala kwenye shimo la kumi na tatu.

Na hakuwa amepotea njia. Alikuwa anacheua kwa raha zake, pembeni kuna zizi.

Ngojeni nianzie mwanzo.

Kazi yangu ni kuzunguka viwanja vya gofu, kucheza kama mgeni wa kawaida, kisha kuvipanga kwenye jarida letu: kipi cha kwanza, kipi kinashika mkia.

Uwanja una mashimo kumi na nane. Ulio mzuri hauna mashimo mawili yanayofanana, kila moja linakufikirisha kabla hujapiga, na ukirudi nyumbani unayakumbuka yote, moja baada ya jingine.

Hayo nilikuwa nawafundisha wenzangu, kifua mbele.

Tatizo lilikuwa kitambi. Nikimaliza shimo la tisa pumzi zimekata, kivuli kinaniita, soda baridi inaniita. Mashimo tisa ya mwisho nilikuwa nayapima nikiwa nimekaa. Naandika "nayo hayapungui kwa lolote," naenda zangu.

Sasa Mama Bosi, mkuu wetu, akawa anastaafu. Kiti chake nilishakikalia kwa mawazo, na mke wangu alishawatangazia mashemeji zangu wote.

Kabla ya kunikabidhi, Mama Bosi alitaka jambo moja tu: tukacheze pamoja kwenye uwanja wangu namba moja.

Mashimo tisa ya kwanza yalikuwa raha tupu. Majani yamenyolewa vizuri kuliko mimi. Mama Bosi akaridhika, nami nikashika njia ya kivulini.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza. "Hii ni nusu."

Nikajikaza kisabuni.

Shimo la kumi, majani yalitufika magotini. La kumi na moja, mahindi. La kumi na mbili sikuliona, na mpaka leo sina hakika kama lipo.

"La kumi na tatu ulilionaje?" Mama Bosi akauliza kwa upole, ule wa muuguzi mwenye sindano.

"Linafikirisha sana," nikasema.

Tukapanda kilima kidogo. Ng'ombe huyo.

Mama Bosi akamtazama ng'ombe, akanitazama mimi. "Kweli linafikirisha."

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani, ila hata hiyo ardhi ilikuwa samadi tupu.

Nikamgeukia meneja wa uwanja, dada mmoja mtaratibu aliyekuwa akitufuata kimya kimya. Nikamwakia kama mtu aliyetapeliwa. Nikadai kuna msaliti ofisini kwetu aliyemvujishia kwamba huwa naishia la tisa.

Dada wa watu hata hakuyumba.

"Hakuna aliyetuambia, kaka. Tumesoma makala zako zote. Shimo la kwanza hadi la tisa unaeleza mpaka ndege walioko mtini. Kuanzia la kumi, kila uwanja unauandikia sentensi ileile. Maji yetu ni machache, tukaona tuyapeleke unakofika."

Wao walikuwa wamenisoma hadi mwisho, jambo ambalo mimi sikuwahi kuwafanyia. Hapo niliona aibu, aibu ya kweli.

Kiti alipewa mwenzangu. Mimi nikapewa kazi ya kurudi kwenye kila uwanja niliowahi kuusifu, nianzie shimo la kumi.

Nyumbani mke wangu alinisikiliza, kisha akanyoosha kidole kuelekea sebuleni. Kuta mbili za bluu, mbili bado saruji, kama nilivyoziacha.

"Wangeniuliza mimi," akasema.

Nilichotoka nacho kwenye samadi ile ni hiki: ukitaka kukisifu kitu, au kukiponda, kwanza kifikie mwisho wake.

Asanteni mliosoma hadi hapa. Nyie mlioishia kwenye soda mkakimbilia kuandika maoni, kuna ng'ombe anawasubiri.