Kidole cha Shosho na Taa za Menengai

Nakumbuka jioni moja, mwanangu, jua limeshalala nyuma ya milima ya Mau na baridi ya kwetu Bahati imeanza kung'ata masikio. Shosho wangu, mama yake mama, alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, kitambaa kipya kichwani, amejipaka mafuta mpaka anang'aa. Maisha yake yote hakuwa amepigwa picha.

Wa kumpiga alikuwa Karanja. Huyo si mtu wa studio, la. Kazi yake ilikuwa kuziba pancha za baiskeli, na kamera aliipenda tu vile mwingine hupenda ng'ombe. Siku hizo kamera ilikula filamu, nyinyi wa simu hamjui taabu hiyo. Ikiisha, imeisha. Na ya Karanja, baada ya kuzunguka harusini tangu asubuhi, ilibakisha picha moja. Ya Shosho.

"Cheka kidogo, Shosho."

"Nicheke na nini, na meno niliachia mahindi ya kuchoma?"

Ndipo zikatokea. Taa tatu juu ya shimo la mlima Menengai, rangi ya maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, kimya, zimetulia kama zinatusikiliza. Mbwa wetu, aliyebwekea hata kivuli chake, akalala chini. Karanja akatazama juu, akamtazama Shosho, jasho likamtoka.

Mjomba akafoka, "Wewe Karanja! Piga mama, wachana na mambo ya juu!"

Shosho akainua kidole. "Geuza hiyo kitu yako, kijana. Hao ni wageni. Tangu lini mwenyeji akapakuliwa kabla ya mgeni?"

Kamera ikalia, ka! Taa zikapanda polepole, zikayeyuka kama mvuke wa chai.

Filamu ikapelekwa mjini kuoshwa. Kabla haijarudi, Shosho akatutoka usingizini. Mjomba akaapa Karanja hatakanyaga matangani: "Ametunyima sura ya mama kwa sababu ya taa!" Lakini siku ya kuzika alikuja, akampa Mjomba bahasha yenye ile picha.

Taa tatu zilikuwa pale, wazi kabisa. Na chini, pembeni, kidole cha Shosho, kimepinda vile jembe lilivyokipinda, kinaonyesha juu.

Mjomba akakaa kwenye nyasi. Kisha akasema, "Karanja, kuja ule."

Kanisani walisema malaika, sokoni wakasema ndege za jeshi. Karanja akiulizwa, alijibu, "Mimi nilipiga tu, sijui." Mimi pia sijui, na nimezeeka vizuri tu na huko kutojua.

Mwanangu, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Jambo usilolijua likikutembelea, usilifukuze, wala usiharakishe kulipa jina. Lipe kigoda kwanza. Na ukifiwa na mtu, usililie uso peke yake. Tazama alikokuwa akikuonyesha.

Mungu akupe macho ya Shosho, na jioni ndefu ya kuyatumia.