Kura ya Mzee Cheche

Baba yangu alichomelea mabehewa miaka thelathini na minne, na cheche zikampa jina kabla ya kumnyang'anya macho. Karakana nzima ilimwita Mzee Cheche. Chama cha Koleo kilizaliwa sebuleni kwetu, wanaume wenye grisi mikononi wakiwa wamekaa sakafuni, mama akilalamikia zulia lake. Wanaume haohao ndio walionisomesha hadi nikawa mhadhiri.

Leo mimi ndiye katibu wa tawi, na tunakutana kwenye ukumbi wenye kiyoyozi. Katika mkutano wetu mmoja baba alisimama kuuliza habari za vibarua wa karakana wanaofukuzwa bila hata barua. Nikamkatiza mimi, binti aliyemzaa mwenyewe: "Mzee, hilo halimo kwenye ajenda." Watu wakacheka kidogo. Akakaa. Hakurudi tena ukumbini, nami kwa usomi wangu wote nikadhani ni magoti yanayomsumbua.

Siku ya uchaguzi nilimpeleka kituoni. Asiyeona huruhusiwa kuingia na mtu anayemwamini, naye akanitaja mimi. Tukasimama kwenye kibanda cha kadibodi, karatasi ya kura mbele yetu.

"Niwekee Ufunguo," akaninong'oneza.

Ufunguo! Chama cha mabosi, alichokipinga tangu ujana wake.

"Baba, wale ni matajiri."

"Na nyinyi je? Wao angalau walikuja karakana wakakaa, wakatusikiliza. Mliohama ni nyinyi, mwanangu. Mimi nipo palepale."

Hasira ilinipanda. Nikajiambia kwamba namwokoa, kwamba hajui anachokifanya. Msomi hakosi sababu. Nikatia alama kwenye Koleo.

"Tayari?"

"Tayari, baba."

Aliitumbukiza mwenyewe, akipapasa mdomo wa sanduku. Nje, wastaafu wenzake walikuwa wamejipanga kwenye benchi, na mmoja hakuweza kujizuia.

"Cheche, una hakika gani kwamba bintiyo hajakuchezea?"

Baba akanitafuta bega, akalishika.

"Huyu? Huyu alinikatiza mbele za watu, nikamsamehe kabla sijafika nyumbani. Lakini kura yangu? Hawezi."

Nikamwongoza hadi kwenye gari. Mpaka leo sijamwambia. Uchaguzi mwingine unakaribia, naye ameshasema ataingia na mimi.