Fundi wa Kawangware Aliyelisafisha Gitaa Kupita Kiasi

Jumanne, tarehe 15 Julai 2025, saa mbili kasorobo asubuhi. Manyunyu yanaanguka juu ya mabati ya Kawangware, na baridi imewakunyata hata mbwa wa buchari. Katika kibanda kilichobanwa kati ya buchari hiyo na kanisa, fundi Maurice Shivachi anatoa gitaa lililofungwa ndani ya shuka safi na kumkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili, mithili ya mkunga anayemkabidhi baba mtoto.

Mwenyewe ni Ojwang, fundi wa mabomba kutoka Kibera. Analifungua. Ufa uliokuwa umepasua mgongo wa gitaa, siku shemeji yake mnene alipolikalia akidhani ni mto, hauonekani tena. Vanishi inang'aa. Ojwang anaketi juu ya kitanda ambacho hakijapata mnunuzi, anagusa nyuzi mbili, kisha tatu, halafu anaacha.

"Fundi, huyu ni nani?"

"Ni gitaa yako, jaduong'," anajibu Shivachi, akitumia neno la heshima la Wajaluo.

"Yangu inaongea na koo. Hii inaongea kama mwalimu wa Sande Skuli. Umetoa nini hapa kwa daraja, chini ya nyuzi?"

"Uchafu," anasema Shivachi kwa fahari. "Kulikuwa na nta imekauka, na kijiti. Nimekwangua yote, nikapiga msasa."

Ojwang anavua kofia. Hivyo ndivyo wanaume wafanyavyo wanapopokea habari za msiba.

Uchafu huo ulikuwa urithi. Marehemu baba yake Ojwang alikuwa mpigaji wa nyatiti, kinubi cha Wajaluo ambacho nyuzi zake hulia kwa mkwaruzo kwa sababu ya vipande vya tete vilivyogandishwa kwa nta. Aliponunua gitaa akiwa kibarua Kisumu, aliliona lina sauti ya mtu asiyekula vizuri. Akalibandikia tete na nta chini ya nyuzi, akaliita Nyar Uyoma, binti wa nchi ya Uyoma, na tangu hapo likakwaruza kwa miaka arobaini.

Shivachi hakuwa na namna ya kulijua hilo kabla ya Ojwang kumsimulia. Alizaliwa Vihiga miaka arobaini na tisa iliyopita na kukulia katika kwaya, ambako mkwaruzo ni ugonjwa na nyimbo husafishwa kama sufuria.

"Jumamosi niko na harusi," Ojwang anasema akilirudisha gitaa kitandani. "Ikiwa hivi, sipigi. Na watu wa Kibera wakiniuliza Nyar Uyoma alipotelea wapi, nitawatajia jina na kibanda. Ile elfu mbili yako ya ufa pia ingoje."

Tishio hilo halikuwa dogo. Shivachi huishi kwa vitanda: kimoja huuzwa shilingi elfu sita na mia tano, na baada ya mbao na misumari humbakishia elfu moja na mia nane. Kodi ya kibanda ni elfu tatu kwa mwezi. Magitaa hayazidi matatu kwa mwezi, lakini ndiyo yanayompa jina, na karibu yote huletwa na wapigaji wa Kibera kwa sifa za Ojwang. Kazi yenyewe aliianzia katika karakana ya majeneza huko Riruta, alipomzibia mwalimu wa kwaya gitaa kwa ubao uliobaki kwenye jeneza.

"Kitanda kikilia, mwenyewe anaona aibu, ananyamaza," asema. "Gitaa ikilia vibaya, mtaa mzima unajua fundi ni nani."

Jumatano aliufunga mlango akaenda Soko la Toi, kwa Kavoi, muuza asali.

"Nataka nta."

"Unataka asali."

"Nta, Kavoi."

"Nta bila asali? Ndugu, nyuki wenyewe wakisikia hivyo watagoma."

Alipewa bonge la nta, baada ya kulazimishwa kununua na chupa ya asali. Tete alilipata kwa Apiyo, muuza mikeka ya tete, aliyekataa katakata kung'oa kijiti kimoja. Fundi alirudi nyumbani na mkeka mzima begani.

Alhamisi ilikuwa siku ya mateso. Jaribio la kwanza lilitoa sauti ya nyuki aliyenaswa ndani ya chupa ya soda. La pili halikutoa chochote. Mkewe, Annet, alipoleta chai alisimama mlangoni akasikiliza.

"Baba Nasambu, hiyo gitaa ina homa."

Ijumaa saa nne, fundi alimeza kiburi, akampigia Ojwang simu. Alimkuta chini ya sinki la mteja huko Kibera. Akaiweka simu kando ya nyuzi, akapiga.

"Bado," ilisema simu. "Hiyo inakohoa."

Akapunguza nta.

"Bado. Sasa inakoroma."

Akasogeza tete kwa upana wa ukucha, akapiga tena. Upande wa pili spana ikaanguka sakafuni.

"Ngoja," ilisema sauti ya Ojwang. "Usiguse. Usipumue. Nakuja."

Nyuma yake ikasikika sauti ya mwanamke: "Unakuja wapi? Na hii maji yote?"

Jumamosi Nyar Uyoma alipigwa mpaka shangazi za bwana harusi wakavua viatu ili wacheze. Tangu hapo Shivachi amejiwekea sheria: hagusi gitaa la mtu kwa msasa kabla ya kumuuliza mwenyewe, "Nionyeshe uchafu ni upi."

Sasa anakusanya mbao kavu chini ya meza. Ananuia kuunda gitaa lake mwenyewe, la kwanza, kuanzia ubao hadi nyuzi, na kuliuza kabla ya Krismasi.

Jumatatu baada ya harusi Ojwang alikuja na shilingi elfu mbili na mia tano.

"Elfu mbili ni ya ufa," alisema. "Mia tano ni ya mkwaruzo. Umeteseka."

Shivachi alihesabu elfu mbili, akazitia mfukoni. Ile mia tano aliirudisha katika kiganja cha Ojwang na kumfumba vidole.

"Mkwaruzo niliharibu mimi, jaduong'. Hiyo siwezi kukuuzia."