Fimbo Niliyopimia Majiko ya Vuga

Asubuhi niliyoripoti kazini, Lushoto mjini, nilikabidhiwa vitu vitatu: koti jeupe lililonizidi mabega, tochi ya kumulikia visima na mashimo ya vyoo, na fimbo ya mbao yenye alama za sentimita. Bwana Afya Mkuu, aliyekuwa mkuu wangu wa kwanza, alinitazama kuanzia viatuni hadi kichwani.

"Mgosi," alisema, "koti litachafuka na tochi itakufa. Hiyo fimbo itunze. Serikali haiamini macho ya mtu, inaamini kipimo."

Yeye alikuwa mtu wa Tanga mjini, na wanaume wote wa milimani alituita mgosi, kama tunavyoitana wenyewe kwa Kishambaa, ila yeye aliongeza utani kidogo. Nilimwamini. Fimbo ile niliitunza kwa miaka yote ya utumishi wangu, na ndiyo iliyonifikisha kwenye kosa ninalotaka kuwasimulia vijana mnaoingia katika kazi ya afya ya mazingira hivi leo. Ninyi mna vyombo bora kuliko vyetu. Sina hakika kama mna masikio bora.

Kazi ya Bwana Afya wakati ule ilikuwa ya miguu. Tulikagua machinjio, migahawa, visima na vyoo. Tulipima umbali kati ya choo na chanzo cha maji, kwa kuwa uchafu husafiri ardhini bila kuonekana, na katika miteremko yetu husafiri upesi. Choo kikiwa juu ya kisima tulikifunga, hata kama mwenyewe ni mzee wa kanisa. Lakini jikoni hatukuingia. Tulipita mlangoni, tukaona moshi, tukasema shikamoo, tukaendelea na safari. Mahali ambapo mama alishinda nusu ya siku akiwa ameinama na macho yakimtoka machozi, hapakuwa na fomu yake, na kisichokuwa na fomu hatukukihesabu kuwa ugonjwa.

Baada ya Bwana Afya Mkuu kustaafu, niliazimwa kwenye mradi mmoja wa utafiti na majiko uliokuja kufanya kazi katika vijiji vya Vuga. Hapo nilipata wakubwa wawili. Wa kwanza alikuwa Mtafiti Mkuu, mama wa makamo, daktari wa chuo kikuu, asiyependa maneno mengi. Wa pili alikuwa Meneja wa Mradi, aliyependa ramani na alikuwa mwepesi wa kucheka.

Mtafiti Mkuu alitueleza kwamba tungechunguza mambo matatu kama jambo moja: moshi, mgongo na kuni. Moshi ni afya ya mapafu. Mgongo ni somo liitwalo ergonomia, yaani elimu ya kuilinganisha kazi na mwili wa anayeifanya, badala ya kuulazimisha mwili uifuate kazi. Kuni ni uhai wa msitu, ambamo akina mama waliruhusiwa kuingia siku mbili tu kwa wiki kuokota matawi makavu. "Ukitatua moja ukaharibu lingine," alisema, "hujatatua kitu."

Niliyaandika maneno hayo katika daftari langu. Kuandika si kusikia.

Mpishi wa kwanza tuliyempima alikuwa Mama Naomi, mjane wa makamo ya juu, mwimbaji wa kwaya aliyekuwa ameacha kuimba. Kifua kilikuwa kimembana. Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwambia wazi kwamba asipoachana na moshi, pumzi itazidi kupungua mpaka kupanda kilima cha kwenda kanisani kutamshinda. Tulimfunga kifuani kifaa kidogo kinachovuta hewa kupitia karatasi nyeupe, tukamwacha apike kama kawaida. Jioni nilipoitoa, karatasi ilikuwa nyeusi kama sufuria.

"Hii ndiyo inayoingia humu?" aliuliza, akijigusa kifua.

"Ndiyo, mama."

"Basi nimekwisha meza bomba zima la moshi." Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu hata nikaona haya kuendelea kusimama pale.

Vipimo vilipokwisha, Mtafiti Mkuu alirudi chuoni kuchambua matokeo, akatuachia mwongozo wa kujenga majiko ya matofali ya udongo, yenye mlango mdogo wa kuni na dohani ya kutoa moshi juu ya paa. Kuhusu kimo, mwongozo ulisema kila jiko lifuate kiwiko cha mpishi wake. Meneja wa Mradi aliupitia upesi.

"Fundi hawezi kubeba viwiko vya kijiji kizima kichwani," alisema. "Tafuta kimo kimoja, weka alama kwenye fimbo yako, wote wajengewe hapo."

Nilisimama katikati ya ofisi, nikakunja kiwiko changu, nikachora alama kwa kisu. Mimi ni mtu mrefu. Sikuwaza jambo lolote baya. Kwa kweli sikuwaza jambo lolote.

Tulijenga kwa bidii. Jiko la Mama Naomi lilikuwa la kwanza, katika chumba kipya cha jikoni ambacho wanawe walimwezekea kwa bati. Mchungaji aliliombea. Mahindi yake ya mbegu, yaliyokuwa yakining'inia darini juu ya mafiga katika kibanda cha zamani cha kupikia, yalihamishiwa darini mwa chumba kipya, kwa sababu ndipo moto ungekuwa. Nami nilisaidia kuyabeba. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo.

Nilirudi baada ya miezi kadhaa, msimu wa kupanda ukikaribia, na orodha ya ukaguzi mkononi. Jiko lilikuwa baridi. Ndani ya mlango wa kuni kuku alikuwa akiatamia mayai, akanitazama kama mimi ndiye mvamizi. Moshi ulikuwa ukitoka kwenye kibanda cha zamani nyuma ya nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Bwana Afya. Karibu kwenye moshi."

Nilimkaripia. Nilimkumbusha maneno ya muuguzi, ile karatasi nyeusi na jasho la mafundi. Nilisema kwamba watu wetu wakipewa wema huurudisha kwa uzembe. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu niliyokuwa nimeikosa mimi.

"Umewahi kusonga ugali?" aliuliza.

"Nimekula mwingi, mama."

"Sikukuuliza kula."

Akanichukua hadi kwenye jiko jipya, akaweka juu yake sufuria la ugali wa watu wanane, akapanda juu ya tofali ili afikie, akashika mwiko. Mikono yake ilipanda karibu na mabega. Kila alipokandamiza, sufuria lilizunguka, kwa kuwa hakuwa na uzito wowote wa mwili wa kulitulizia. Alinionyesha kovu la kuungua mkononi, bado jekundu. Kisha akashuka, akaenda kwenye mafiga, akaketi kwenye kigoda, akalibana sufuria kwa vijiti viwili alivyovishika kwa nyayo, akausonga ugali kwa mgongo mzima. Sufuria halikutikisika.

"Hilo lako ni la kuchemshia chai," alisema. "Nami nilikuwa tayari kulivumilia kwa ajili ya kifua. Lakini njoo uone."

Alishusha kutoka darini mwa chumba kipya mahindi machache, akalikung'uta moja juu ya kiganja changu. Unga ulimwagika, na ndani ya unga dumuzi walitembea. Mbegu yote ilikuwa imetobolewa. Dohani ilikuwa imefanya kazi yake barabara: ilitoa moshi nje, na moshi ndio uliokuwa ukiwafukuza wadudu.

"Mbegu hii ilikuwa ya mama yangu," alisema. "Nimeomba mahindi kumi kwa dada yangu, nimeyatundika kule kwenye mafiga. Nikizima mafiga sina cha kupanda. Nikiyawasha sina pumzi. Wewe uliyesoma, niambie nizime kipi." Kisha, kwa sauti ya chini: "Wewe si mtoto wa huku huku? Kwenu mlitundika wapi?"

Nimelelewa chini ya dari ya mahindi yaliyopakwa masizi. Masizi hayo yaliniangukia shingoni kila asubuhi nikinywa uji. Mgeni angesamehewa kutojua. Mimi nilijua, nikasahau siku niliyovaa koti jeupe.

Nilikagua nyumba nyingine. Hali ilikuwa ile ile, nyumba hadi nyumba. Nilimpelekea Meneja habari hiyo, naye kwa mara ya kwanza hakucheka.

"Umetumwa kuhesabu majiko yaliyojengwa," alisema. "Nani alikutuma kuhesabu yanayowaka?"

"Fomu inauliza kama yanatumika."

"Kuku wanayatumia. Tia saini, mgosi, tusonge mbele."

Nikatia saini. Sikushurutishwa, hakuna aliyenishika mkono. Nilikuwa na watoto shuleni na nilipenda kuitwa mtumishi mzuri. Wengi wetu tukisimulia maisha ya kazi husimulia maovu ya wakubwa. Wakubwa huagiza, lakini kalamu huwa mkononi mwetu.

Uongo wa ofisini hauishii ofisini. Baada ya muda Mtafiti Mkuu alirudi na karatasi zake, akaniita kando, mezani kwake kukiwa na taarifa yangu na daftari la zahanati.

"Kuna jambo linanisumbua," alisema. "Taarifa yako inasema majiko yanatumika. Zahanati inasema vikohozi havijapungua. Nikiziamini zote mbili, itanibidi niandike kwamba kuondoa moshi hakuwasaidii wanawake hawa. Na nikishaandika hivyo, hakuna atakayewajengea kitu tena."

Akilini nilimwona Mama Naomi amekaa kwenye kigoda chake, na saini yangu ikimfungia mlango.

"Daktari, majiko hayawaki. Niliandika uongo."

Alilifunga daftari la zahanati.

"Nani mwingine anajua?"

"Wanawake wote wa Vuga."

"Basi," alisema akikusanya karatasi, "mimi na Meneja ndio wajinga wa mwisho. Au mimi peke yangu. Twende."

Alikaa na Mama Naomi mchana kutwa. Hakufundisha, aliuliza, akaagiza ugali usongwe tena na tena. Jiko lilibomolewa hadi kufikia kimo ambacho Mama Naomi alisimama akaukandamiza mwiko kwa uzito wa mwili wake, mgongo ukiwa umenyooka. Fundi akaweka vyuma viwili vya kubana sufuria, mahali pa vile vijiti vya miguuni. Ilibaki mbegu, na hapo sote tulikwama.

"Moshi ni lazima utoke," alisema Mtafiti.

"Utoke, lakini usipotee," alijibu Mama Naomi. "Mnaupeleka mbinguni, kuna mahindi huko?"

Yeye ndiye aliyeonyesha kwa mkono. Dohani itobolewe ukutani, si kwenye paa. Nje ya ukuta ujengwe uchanja wenye paa lake dogo, juu ya mdomo wa dohani, kwa umbali ambao cheche hazifiki. Mahindi yatundikwe hapo. Moshi ule ule, uliokuwa ukiua upande wa ndani, ukawa mlinzi upande wa nje. Jiko lilikula kuni chache kuliko mafiga, na mafiga yakazimwa kwa hiari ya mwenyewe. Mtafiti Mkuu aliandika katika matokeo yake kwamba wazo lilikuwa la mpishi. Niliisoma sentensi hiyo kwa wivu, kisha kwa aibu.

Taarifa yangu niliifuta kwa barua niliyoiandika kwa mkono. Muda si mrefu nilihamishiwa Mnazi, chini kwenye joto. Barua ya uhamisho haikutaja sababu, nami sikuiuliza. Kule watu wengi walipikia uani, na shida ilikuwa mabomba ya mgongoni ya kupulizia dawa ya nyanya, ambayo mikanda yake ilikata mabega na mifuniko yake ilivujisha dawa mgongoni. Siku ya kwanza sikupima chochote. Niliomba nibebeshwe bomba lililojaa, nikatembea tuta kwa tuta mpaka nikaelewa kwa nini hakuna aliyekuwa akivaa lile koti zito la kujikinga na dawa tulilokuwa tukilihubiri. Nilifanya kazi huko hadi nilipoomba kustaafu kwa hiari, nilipotimiza umri unaoruhusiwa.

Siku ya makabidhiano nilirudisha koti na tochi. Fimbo haikuwamo katika orodha yoyote ya mali ya serikali, kwa hiyo nikaenda nayo nyumbani. Vijana wakinitembelea huniuliza maana ya ile alama ya kisu. Huwaambia kwamba ni urefu wa kiwiko changu, na kwamba kwa muda fulani niliudhani kuwa ni elimu.

Mwaka huu nilipanda Vuga. Mama Naomi amezeeka. Kifua chake hakikupona. Moshi wa maisha mazima hautolewi na jiko moja. Lakini kilimani anapanda, akipumzika mara mbili, na kwayani amerudi.

"Sauti ya juu imekataa kurudi," aliniambia. "Siku hizi naimba besi na akina baba. Wanaona wivu, nawashinda."

Jikoni alikuwa mkwewe, Eliza, mwanamke mrefu kuliko hata mimi. Alikuwa akisonga ugali, na nikaona anavyopinda kiuno kulifuata jiko. Uchanja wa nje ulikuwa umejaa mahindi meusi kwa masizi, mazima.

"Unaona?" alisema Mama Naomi. "Mwenye jiko sasa ni huyu. Mpime, tuliinue kabla mgongo haujaharibika."

"Sikuja na fimbo, mama."

"Nani ameitaja fimbo?"

Eliza akataka kusimama wima ili nimpime, kama watu wafanyavyo wakimwona Bwana Afya. Nikamwomba aendelee na kazi yake. Nikapiga magoti sakafuni, nikaokota kipande cha mkaa, nikasubiri ugali uwe mzito, mahali pale ambapo mwiko hukataa na mwili mzima hulazimika kuingia kazini. Ndipo nikachora ukutani alama ya kimo kipya cha jiko.