Agar na Sauti Iliyokwama Ndani ya Diski

KAMINA. Jua limeshapanda juu ya mabati ya mtaa ulio nyuma ya stesheni, na Agar Mwanza anasukuma baiskeli yake mchangani. Nyuma ya kiti, mahali ambapo wengine hufunga gunia la makaa, yeye amefunga betri ya gari kwa mpira wa tairi. "Mama Ordinateur!" yaani Mama Kompyuta, wanamwita huku na huku, naye anaitikia bila kusimama.

Leo hana nafasi ya kusimama. Nyumbani kwa Mama Mira, karani wa shule moja ya Wamethodisti, kompyuta imegoma kufungua mafaili, na keshokutwa binti wa nyumba hiyo, Gloire, anaolewa.

Ukidhani wanalilia picha za harusi umekosea, kama nilivyokosea mimi, mwandishi ninayefuatana na Agar. Ndani ya kompyuta hiyo imo sauti ya mama mzazi wa Mira, Nkambo Kyabu, akiimba kasala, utenzi wa Kiluba wa kuwataja na kuwasifu waliotangulia. Katika ukoo huu msichana haondoki kwao kabla bibi yake hajamtajia majina hayo. Lakini Nkambo Kyabu siku hizi anasahau. Akianza na jina la babu yake, anaishia na la jirani. Gloire alimrekodi zamani, akiwa bado shuleni, na nakala ni hiyo moja tu.

Agar anavua viatu mlangoni, anasalimu, anatazama mezani. Kasha la kompyuta limevishwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua kwenye pindo. Ni kizuri, hilo halina ubishi. Nacho kimeziba kila tundu la hewa.

"Mama, hii kitambaa inafunikaka machine ata kama inatumika?"

"Njo vile," Mira anajibu kwa fahari. "Minyi mwenyewe nilifuma. Vumbi ya huku weye unaijua."

Agar haoneshi uso wa lawama. Kamina watu hufunika redio, hufunika runinga, na asiyefunika huonekana hajui kutunza mali. "Ukimwambia mama kitambaa yake njo inaua machine, atakufukuza mbele ya kufungua sacoche," ananinong'oneza baadaye, akicheka na kuupigapiga mkoba wake.

Anakikunja taratibu na kumkabidhi mwenyewe. "Kitunze kwanza, Mama, kisichafuke." Anagusa kasha na kuuondoa mkono upesi. Limepata moto hasa. Kisha anauliza kama mashine haikuwahi kulalamika.

"Kila asubuyi ilikuwa inaandika ku écran, inataka ku-vérifier disque," Mira anakiri. "Nilikuwa nafinya touche, inaacha. Kazi ilikuwa inaningoja."

Kompyuta iliomba diski yake ipimwe, mwenyewe akabonyeza kitufe kuiambia ngoja kesho. Tusimcheke sana. Wengi wetu meno yetu tunayafanyia hivyohivyo.

Agar anaunganisha mashine na betri aliyokuja nayo. Umeme wa mtaa huu ni wa paneli za jua na jenereta, nao hukatika bila kuaga. Diski ikikatiwa umeme katikati ya matengenezo, hata kilichokuwa kimesalia kinaweza kupotea. Lakini hata baada ya kuunganisha, haanzi kutengeneza. Anatoa diski nyingine mkobani ili anakili kwanza.

"Nyumba ikianguka, unatosha bantu inje kwanza," anasema. "Paa utatengeneza nyuma."

Barua za shule zinapita. Picha zinapita. Faili la sauti linafika katikati na kukwama, na ndani ya kasha kinasikika kitu kinachogonga, tik, tik, tik.

Mira anakitazama kitambaa kilicho mapajani mwake. Hakuna aliyemwambia lolote. "Minyi njo nimeiua," anasema, na machozi yanamtoka. "Nitamuambia nini mutoto?"

"Mama, haiyakufa. Imechoka. Tuiache ipumuzike."

Mashine inazimwa, kasha linafunguliwa lipoe, chai inaletwa. Hainyweki. Wakati wa kusubiri, Agar anajieleza. Alizaliwa Kinkondja, kwa wavuvi wa Ziwa Kisale, akaja Kamina kufanya kazi kwenye duka la kutoa fotokopi. Mashine za pale zilikuwa zikiharibika kila mara na fundi hapatikani, ndipo akaanza kuzifungua mwenyewe. Leo anakwenda nyumba kwa nyumba kwa faranga elfu kumi na tano, na kuna wiki anazokaa bila kuitwa na mtu.

Anawasha tena. Kasha limepoa. Faili linaanza upya, linafika palepale lilipokwama, linasita, nasi sote roho juu. Kisha linapita.

"Aksanti Yesu!" Mira anaruka, chai inamwagika, na hakuna anayeijali.

Sasa ndipo Agar anaruhusu uchunguzi uanze, ule uliokuwa ukiahirishwa kila asubuhi. Unakwenda polepole mpaka mchana. "Disque iko sawa nyumba ya byumba mingi," anamweleza Mira. "Chumba moya ikiwa mubaya, tunafunga mulango, muntu asiingie tena." Milango kadhaa inafungwa, mashine inaamka vizuri. Hata hivyo anamwonya kwamba diski hiyo ni mgonjwa aliyepata nafuu tu. Watafute nyingine, na sauti ikae mahali pawili au zaidi.

Wanaijaribu. Gloire anamleta bibi yake kwa mkono na kumkalisha karibu.

"Eyo vidye," Agar anamsalimu kwa Kiluba, akiinama.

Sauti inatoka, nene, isiyo na haraka, jina baada ya jina. Nkambo Kyabu anakunja uso.

"Ule ni nani?"

"Ni weye, Mama," Mira anamjibu.

"Apana. Ule iko anajua."

Lakini midomo yake imeanza kucheza. Anafuata nyuma ya sauti ile, jina moja nyuma, kisha pamoja nayo. Gloire amepiga magoti miguuni pake bila kuambiwa na mtu. Mama yake anacheka na kulia kwa pamoja, na mimi kalamu nimeshaiweka chini.

Nje, Agar anaifunga betri kwenye baiskeli. Nilitarajia furaha ya fundi aliyeshinda. Furaha ipo, lakini mpira wa tairi anaufunga na kuufungua mara mbili. Namuuliza kulikoni.

"Nimerudisha sauti ya bantu mingi," anasema. "Ya mama yangu siko nayo ata moya."

Mama yake yuko Kinkondja, mzima, bado anakausha samaki, na simu haipendi. Wiki ijayo Agar atapanda treni hadi Bukama, kisha mashua.

"Nitamukalisha, aseme bile anapenda," anasema, akipanda baiskeli. "Ata akinitukana, nitarekodi ile matusi."